Kifaa kinafanya kazi, wauguzi wamekifungia kabatini: tuwafundishe upya?

Swali

Shikamoo Mhandisi. Mimi na wenzangu wawili tumemaliza chuo Arusha, fani ya vifaa tiba. Tumetengeneza kifaa kidogo cha kuning'inizwa kwenye stendi ya dripu. Kinahesabu matone, kinaonyesha kasi ya maji kwenye skrini, na kinapiga kengele dripu ikikaribia kuisha au mrija ukiziba. Kwenye meza ya maabara kilikuwa sahihi kabisa. Hospitali moja ilitukubalia tupeleke vifaa vinne wodi ya wanawake. Siku ya kwanza tulitoa mafunzo ya saa mbili, wauguzi wakapiga makofi, wakasema ni kizuri. Tuliporudi baada ya wiki tatu tulivikuta vyote vinne kabatini, na wauguzi wanahesabu matone kwa saa ya mkononi kama zamani. Mwenzangu mmoja anasema hawapendi mabadiliko. Anayetufadhili ameshauri tuongeze mafunzo na tubandike maelekezo ukutani. Wewe unashauri nini?

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Hongereni kwa kazi, na ahsante kwa kulieleza jambo kama lilivyotokea bila kulipamba. Niko kwenye vifaa tiba zaidi ya miaka ishirini, nikianzia fundi wa karakana ya hospitali, na kabati kama hilo nimelifungua mara nyingi. Nakujibu moja kwa moja: msiongeze mafunzo, na hayo maelekezo ya ukutani msiyabandike. Bado hamjajua kwa nini kifaa kiliingia kabatini, kwa hiyo hamjui hata mtafundisha nini.

Kiwango cha ISO 14971, ambacho kila mtengenezaji wa kifaa tiba hukutana nacho siku anapotafuta usajili, kinapanga njia tatu za kupunguza hatari, na mpangilio wake una maana. Ya kwanza ni kukiunda kifaa chenyewe kiwe salama, hatari isiwepo. Ya pili ni kuweka kinga ndani yake, kama kengele au kufuli. Ya tatu, ya mwisho, ni maelezo na mafunzo kwa mtumiaji. Mfadhili wenu ameanzia mwisho. Muuguzi mliyemfundisha Jumatatu asubuhi siye atakayekuwa zamu Alhamisi saa tisa usiku. Na hata akiwa ndiye, saa tisa usiku ana wagonjwa thelathini na mwenzake mmoja, na hakumbuki ukurasa wa nne wa mafunzo yenu.

Tuanze na kabati lenyewe. Ninyi mmelisoma kama kukataliwa. Mimi pia niliwahi kulisoma hivyo, nikakosea. Katika hospitali zetu nyingi muuguzi kiongozi wa wodi ndiye anayesaini leja ya mali. Kitu kikipotea, yeye ndiye anayeitwa kuandika maelezo. Mmempelekea vitu vinne vidogo, vyepesi, vinavyoenea mfuko wa koti, tena mkamwambia ni vya thamani. Avining'inize kwenye stendi, katika wodi ambayo saa ya kuona wagonjwa inajaa watu mpaka mlangoni? Amefanya ambacho mtunza mali yeyote mwaminifu angefanya: amefunga, ufunguo ameuweka mfukoni. Anapotoka zamu mchana, ufunguo unatoka naye. Basi zamu ya usiku, ambayo ndiyo ingekihitaji kifaa kuliko zote, haijakiona tangu siku ya makofi. Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwenu. Nasema mwulizeni kabla hamjamwita mtu asiyependa mabadiliko. Kama ndivyo, dawa yake ni bano la chuma lenye skrubu kwenye stendi na mstari mmoja kwenye kitabu cha kukabidhiana zamu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naliogopa zaidi ya kabati. Barua yako haisemi skrini yenu inaonyesha kasi kwa kipimo gani. Naamini ni mililita kwa saa, kwa sababu ndivyo vitabu vya uhandisi vinavyofundisha. Mtazame muuguzi wa wodi ya wanawake anavyofanya. Anafungua faili, daktari ameandika lita moja ya NS, yaani maji ya chumvi, kwa saa nane. Anajua mrija alionao unatoa matone 20 kwa kila mililita. Mara elfu moja kwa ishirini, gawa kwa dakika mia nne na themanini: matone 42 kwa dakika. Hesabu hiyo haifanyi tena, anaijua kwa moyo, kama unavyojua nauli ya daladala. Anatazama saa, anazungusha kile kigurudumu kinachobana mrija, anahesabu matone kumi, kumi na moja, ndani ya sekunde kumi na tano, anasogea kitanda kinachofuata. Kifaa chenu kinamwambia 125. Namba hiyo haimo kwenye faili wala haimo kichwani mwake. Ili aiamini inabidi afanye hesabu ya pili, usiku, amesimama. Kwa nini asirudi kwenye saa yake?

Halafu kuna la hatari zaidi. Kifaa chenu kinaona matone, mililita hakizioni. Mililita kinazikisia kutokana na aina ya mrija. Mrija wa watoto unatoa matone 60 kwa mililita. Siku stoo ikiishiwa mirija ya watu wazima, ikaletwa iliyopo, skrini yenu itaonyesha kasi mara tatu ya ile halisi, na itaionyesha kwa namba nzuri zilizonyooka. Muuguzi atabana mrija kuifuata skrini, na mgonjwa aliyepungukiwa maji atapata theluthi ya alichoandikiwa. Nani anakiambia kifaa ni mrija gani? Kama jibu ni kwamba kuna menyu ya mipangilio, basi hapo ndipo ajali itakapotokea.

Si kwamba nawatisha. Mwaka 2006, katika kituo cha saratani cha Edmonton, Kanada, mgonjwa alipangiwa dawa ya fluorouracil ipite mwilini kwa siku nne kupitia pampu ndogo ya kubeba. Kiasi sahihi kilikuwa mililita 28.8 kwa saa 24, yaani mililita 1.2 kwa saa. Pampu ilitaka kiasi cha saa moja. Wauguzi wawili walikokotoa, wote wakapata 28.8, kwa kuwa wote waligawanya kwa siku nne wakasahau kugawanya tena kwa ishirini na nne. Walipoitazama lebo ya dawa, 28.8 walikuta imeandikwa pale pale, kwa kipimo cha siku, pamoja na ile 1.2. Pampu iliipokea namba bila swali. Dawa ya siku nne ikaisha kwa takriban saa nne, na mgonjwa akafa wiki chache baadaye. Waliofanya kazi hiyo walikuwa wauguzi wazoefu wa saratani, na utaratibu wa kuhakikiana waliufuata. Namba mbili zilikaa kwenye karatasi moja, mashine ikawa tayari kupokea yoyote kati yake, na uhakiki wa pili ukathibitisha kosa la kwanza. Mafunzo gani yangezuia hilo?

Vipimo vya sukari navyo vina hadithi yake. Mwaka 2005 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilitoa tahadhari kuhusu mashine za kupimia sukari ambazo mtumiaji, akiwa anarekebisha tarehe na saa tu, angeweza kubadilisha kipimo bila kujua, kutoka miligramu kwa desilita kwenda milimoli kwa lita. Tofauti ya vipimo hivyo ni mara kumi na nane. Mwenye sukari 180 anasoma 10, anadhani ameshuka hadi kiwango cha kuzimia, anakula sukari. Hata mkibaki na mililita kwa saa, kipimo chenu kifungwe kiwandani.

Ushauri wangu kwenu ni kwamba skrini ioneshe matone kwa dakika, kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka mguu wa kitanda. Matone ndicho kitu ambacho kifaa kinakiona kweli, na ndicho muuguzi anachokitaka. Mkifanya hivyo, suala la aina ya mrija linabaki mahali linapokaa leo, kwenye kichwa cha muuguzi anayeushika mrija mkononi, na kifaa hakidanganyi mtu. Hiyo ndiyo ile njia ya kwanza: hatari imeondolewa kwenye umbo la kifaa, haikuhamishiwa kwenye bango.

Kuhusu kauli ya mwenzako kwamba wauguzi hawapendi mabadiliko, nimwambie kisa kimoja cha zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, marubani wa Marekani walikuwa wakishatua salama, kisha ndege inalala kwa tumbo kwenye njia ya kurukia kwa sababu rubani amekunja magurudumu badala ya kurudisha mabawa madogo. Iliandikwa kosa la rubani. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipoingia chumba cha rubani alikuta swichi mbili zinazofanana, zimewekwa ubavu kwa ubavu. Akafunga kigurudumu kidogo cha mpira kwenye mkono wa magurudumu, na kitu chenye umbo la bawa kwenye mkono wa pili. Mkono ukagusa, ukajua. Kwa namna hiyo hiyo kwenye mashine ya ganzi, mahali pa kila mtungi pana pini zilizopangwa tofauti kwa kila gesi, ili mtungi usiohusika ukatae kuingia hata mtu akiusukuma gizani. Sisi bado tunaandika "uzembe wa muuguzi" kwenye fomu na kufunga faili. Kila nikiliona neno hilo huomba nionyeshwe mashine.

Niwaeleze lililonifundisha mimi. Nilikuwa fundi katika hospitali moja kubwa, na chumba cha wagonjwa mahututi kilikuwa na pampu sita za sirinji zilizoletwa kwa msaada. Siku moja nikakuta plasta nyeupe, ile ya kushikizia kanula (kijirija cha dripu kinachoingia mshipani), imebandikwa matabaka matatu juu ya kispika cha pampu mojawapo. Nilikasirika. Nikaibandua mbele ya muuguzi, mama mtu mzima, nikamwambia mgonjwa angeweza kufa kwa ajili ya plasta ile. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Mwanangu, njoo ulale hapa siku moja."

Nilikwenda Ijumaa. Umeme ulikatika mara nne usiku ule. Kila ulipokatika, pampu zote zililia kutoa taarifa kwamba zimehamia kwenye betri. Uliporudi, zikalia kwamba zimerudi kwenye umeme. Mlio ulikuwa ule ule, kwa sauti ile ile, ambao pampu iliutoa mrija ulipoziba. Kufikia saa nane usiku masikio yangu hayakutofautisha chochote. Mrija wa mgonjwa wa kitanda cha pili ulipoziba kweli, mimi niliyekaa hatua tatu kutoka kwake sikugeuza kichwa. Yule mama aligeuka, na hakugeuka kwa ajili ya kengele: aliona kisukumizi cha sirinji hakisogei. Asubuhi nilimwomba radhi. Plasta ile ilikuwa taarifa ya uhandisi, sahihi kuliko ripoti yoyote niliyowahi kuiandika, na mimi nilikuwa nimeitupa kwenye ndoo ya taka.

Kengele yenu inalia lini? Ikilia kila mgonjwa anapokunja mkono wenye kanula, au anapobeba chupa ya dripu kwenda chooni, basi inalia siku nzima, na muuguzi atafanya nayo alichofanya yule mama. Kiwango cha kengele za vifaa tiba, IEC 60601-1-8, kinazigawa kwa uzito: kubwa, ya kati na ndogo, kila moja na mlio wake. Kwenu ninyi naona mambo mawili tu yanayostahili sauti: matone yamesimama kwa muda unaozidi mkunjo wa mkono, na matone yanakwenda mbio kuliko yalivyowekwa. Hilo la pili msilidharau. Wagonjwa na ndugu zao hufungua kile kigurudumu ili dripu iishe upesi waende nyumbani. Saa ya mkononi haiwezi kuliona hilo muuguzi akiwa chumba kingine. Kifaa chenu kinaweza. Hapo ndipo mnapoishinda saa, na nina wasiwasi siku ya mafunzo hamkulitaja kabisa.

Ndugu wa mgonjwa, kwa kweli, ndiye mshindani wenu. Wodi zetu tayari zina mtambo wa kutoa taarifa dripu ikiisha: ni mama aliyeketi pembeni ya kitanda, anayekwenda mlangoni na kusema, "Dada, dripu imeisha." Hana betri na hakosei mara nyingi. Kwa hiyo yeye naye ni mtumiaji wa kifaa chenu, na hakuna aliyemfundisha chochote. Taa ikiwaka nyekundu mbele yake saa saba usiku, atafanya nini? Atazima? Atachomoa? Mimi ningeandika maneno mawili makubwa chini ya taa, ITA MUUGUZI, na upande wa pili, unaomhusu muuguzi, ningeacha vifupisho vile vile wanavyoandika kwenye chati kila siku. Watu huuliza kama kifaa kiwe cha Kiswahili au cha Kiingereza. Kila upande uzungumze lugha ya anayeusoma.

Kuna watumiaji wengine ambao hamkuwataja. Mhudumu wa usafi atakipangusa kwa maji ya klorini kila siku. Plastiki yenu itahimili miezi mingapi, na maandishi ya vitufe yatafutika lini? Fundi wa hospitali atakifungua kwa bisibisi gani? Utafiti wa Perry na Malkin wa mwaka 2011, uliokusanya orodha za vifaa vya hospitali katika nchi zenye uwezo mdogo, ulikuta asilimia 38.3 ya vifaa havifanyi kazi. Tumieni betri inayouzwa dukani nje ya geti la hospitali.

Mifano ya waliokosea kwanza kisha wakarekebisha ipo, na mmoja naupenda kwa sababu waliosimulia kosa ni wenyewe. Shirika la Design that Matters la Marekani lilitengeneza inkubeta ya watoto njiti kwa vipuri vya gari: taa za mbele za kutoa joto, feni, betri ya pikipiki. Wazo lilikuwa kwamba palipo na fundi magari pana fundi wa inkubeta. Jarida la TIME liliiweka kwenye orodha ya ubunifu bora wa mwaka 2010. Haikufika kwa mtoto hata mmoja kama bidhaa, kwa kuwa hakuna kiwanda kilichotaka kuitengeneza wala hospitali iliyotaka kununua kitu kinachofanana na vipuri vya gari. Timothy Prestero, aliyeongoza kazi hiyo, amelisema wazi jukwaani. Safari iliyofuata walianza na kampuni ya MTTS ya Hanoi, inayouza na kutengeneza vifaa vya watoto wachanga Vietnam, wakaanza kwa kutazama mwanga wa kutibu umanjano unavyotumika. Waliyoyakuta ungeyakuta hata huku: taa imeinuliwa juu mno hivyo mwanga haufiki, mtoto amefunikwa blanketi kwa sababu mama anamwona anapata baridi, watoto kadhaa wamebanwa chini ya taa moja. Kifaa kilichotoka, Firefly, kina kitanda kidogo kinachotosha mtoto mmoja tu. Hakuna bango la "mtoto mmoja kwa kila kifaa". Wa pili hapati nafasi. Mwanga unatoka juu na chini, mahali pake hapabadiliki, hakuna cha kuinua.

Wa pili uko karibu nasi. Kampuni ya Laerdal Global Health ya Norwe ilitengeneza kifaa cha kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni, ikakiita Moyo, na majaribio yake makubwa yalifanyika Tanzania, ikiwemo Hospitali ya Haydom mkoani Manyara na Muhimbili. Mkunga aliyezoea Pinard, ile pembe ya kusikilizia tumboni, anainama, anatafuta mapigo, anahesabu, na leba ina wanawake wengine wanaomwita. Moyo inafungwa tumboni kwa mkanda, ina vihisio tisa ili mapigo yapatikane bila kutafuta sana, na inaweza kusoma mapigo ya mama mwenyewe ili mkunga asije akahesabu ya mama akidhani ni ya mtoto. Hilo la mwisho limetokana na kujua kosa halisi la leba. Majaribio yalionyesha mapigo yasiyo ya kawaida yanagunduliwa zaidi kuliko kwa Pinard. Hata hivyo vifo vya watoto havikupungua kwa sababu ya kugundua peke yake, na nawatajia Moyo kwa ajili ya hilo pia. Kifaa kikipiga kengele, lazima awepo mtu na njia ya kufanya jambo. Kengele yenu ikimwita muuguzi aliye chumba cha tatu, atakuja baada ya dakika ngapi? Pimeni hizo dakika kabla ya kuamua kengele ilie ikiwa imebaki mililita ngapi.

Kama mna sehemu ya kuingiza namba, neno moja. Harold Thimbleby na wenzake wa Swansea, Wales, wamefanya kazi kubwa juu ya watu wanavyoingiza namba kwenye pampu. Walikuta vitufe vya tarakimu, kama vya simu, vina kasi, lakini mtu hutazama vidole vyake na makosa hupita bila kuonekana. Vitufe vya kupandisha na kushusha ni vya polepole, ila macho hubaki kwenye skrini na kosa hunaswa. Kwa dripu, polepole kidogo ni sawa. Na nukta ya desimali msiiweke kabisa. Hakuna nusu tone.

Sasa, mtayajuaje haya yote ya wodi yenu bila mimi? Kwa kukaa, si kwa kuuliza. Sisi ni watu wa adabu. Ukimwuliza muuguzi mbele ya matroni, "Mnakionaje kifaa chetu?", atakwambia ni kizuri, hongereni wanangu. Mgeni haambiwi chakula hakina chumvi. Yale makofi ya siku ya kwanza yalikuwa ukarimu. Badala ya kuuliza, mpeni kazi: chumba tupu, stendi, chupa ya maji, mrija unaomwaga kwenye ndoo, faili lenye maagizo ya daktari. Mwambieni, "Dada, mgonjwa huyu ameandikiwa hivi, tafadhali mwekee," kisha nyamazeni. Msimsaidie hata akishika upande usio sahihi. Mwandishi mmoja aandike mkono ulikwenda wapi kwanza, alisita wapi, alisoma nini kwa sauti. Mara ya kwanza wauguzi watano au sita wanatosha kuwaaibisha; rekebisheni, rudini kwa wengine. Maigizo ya mwisho, yale ya kuthibitisha, yanahitaji watu wengi zaidi: mwongozo wa FDA wa mwaka 2016 unataka angalau 15 kwa kila kundi la watumiaji, na kiwango cha IEC 62366-1 cha mwaka 2015 kinaeleza utaratibu wote wa kuufuata na kuuandika. Wekeni kumbukumbu tangu sasa, kwa kuwa TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, mtakapokwenda kusajili watataka kuona hatari mlizoziona na mlichozifanyia, na kumbukumbu za kubuni baadaye hujulikana.

Jambo moja naomba mlisikie kama kaka mkubwa anavyolisema. Umeandika kwamba hospitali iliwakubalia. Je, mlikuwa na kibali cha maadili ya utafiti, kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, au kamati ya taasisi inayotambuliwa? Kifaa ambacho hakijathibitishwa, kikining'inizwa juu ya mgonjwa halisi, kinaingia kwenye matibabu yake. Hata kikihesabu tu. Kama kibali hakikuwepo, basi kabati limewaokoeni, na vifaa vile vitoeni wodini wiki hii. Maji na ndoo vinatosha kwa miezi mingi ya kujifunza.

Mkirudi, rudini usiku, wawili tu, kwa ruhusa ya matroni, na kifaa kimoja kilichozimwa. Kaeni pembeni kuanzia kukabidhiana zamu hadi alfajiri. Andikeni kila safari ya muuguzi kwenda kwenye dripu: nani alimwita, alitembea hatua ngapi, mikononi alikuwa na nini, alitazama nini kabla ya kugusa mrija. Kalamu ya kuandikia matone inakaa wapi? Taa ya wodi ikizimwa ili wagonjwa walale, saa yake anaisomaje? Asubuhi, kabla hajaondoka, mpeni kifaa mkononi bila maelezo, mwombeni awaonyeshe angekiweka wapi. Mkishamaliza, niandikieni mlichokiona, kabla hamjabadilisha hata skrubu moja.